Wadau wa Tabora: mtaa wetu unapimwa, tupendekeze viwanja vya ukubwa gani ili na mwenye kipato kidogo apate pa kukaa?

mwana_pembezoni

Habari za leo wakuu. Naombeni mchango wenu, kikao ni Jumamosi na huku mtaani watu wameshaanza kununiana.

Iko hivi. Mi naishi pembezoni mwa manispaa ya Tabora, mtaa siutaji, zamani yalikuwa mashamba ya mihogo na karanga na miembe, saivi watu wamejenga jenga kila mtu kivyake. Kuna eneo kubwa bado liko wazi na mpango umekuja wa kulipanga na kulipima kabla halijaharibika kama lile la juu. Safi kabisa, hilo sina ugomvi nalo. Ila rasimu ya mchoro ilipoletwa ofisi ya mtaa nikaiangalia, viwanja karibu vyote saizi moja, mita 25 kwa 40, juu shule, zahanati, sehemu ya kuabudia, barabarani kuna vya biashara, basi imeisha hiyo. Nikamuuliza kijana aliyeileta, je anayetaka kidogo? Akasema kidogo kinashusha hadhi ya eneo.

Nimo kwenye kamati. Wazee wenye mashamba wanataka vikubwa wakiamini ndo vyenye hela, na wanasema vidogo vitaleta uswahilini. Sasa mi najiuliza, bodaboda wetu, mama anayeuza mboga pale njia panda, nesi aliyeajiriwa juzi, mstaafu wa reli, wanachuo, hawa wanaingia wapi? Sensa ya 2012 manispaa ilikuwa na watu kama 227,000, ya 2022 imefika kama 308,000. Hao ni zaidi ya 80,000 walioongezeka, tuseme kila kaya watu watano, ni kaya elfu 16 zimetafuta pa kulala ndani ya miaka kumi, na hiyo ni kabla reli mpya ya SGR haijafika hapa. Hao wote hawawezi kuwa watu wa kiwanja cha mita 1,000.

Kwaiyo swali langu, kwa mji kama wetu tupendekeze mchanganyiko gani? Na isiwe ndoto, kiwe kitu ambacho afisa mipango miji hatakikataa.

FundiRula

Mkuu umegusa kidonda. Mi fundi, naona kila siku. Mtu anajipinda ananunua kiwanja kikubwa, hela yote inaishia kwenye kiwanja, afu anakaa miaka anafyeka majani tu, hata msingi hajachimba. Kiwanja bei yake inapigwa kwa mita ya mraba, na kodi ya ardhi ya kila mwaka hivyo hivyo inaenda na mita za mraba, kwaiyo ukimpa mtu eneo asilolihitaji umemtwika mzigo wa maisha.

Angalia mtu wa kawaida Tabora anavyojenga. Anaanza na vyumba viwili vya uani, bati juu, anahamia hata plasta hakuna, madirisha kaziba na mabati au mifuko ya saruji. Anakaa humo. Chumba kimoja anapangisha, kile cha pili wanabanana na familia. Ile kodi ndo inanunua tripu ya mchanga, inanunua nondo. Baada ya muda nyumba kubwa mbele inaanza kuinuka. Huo ndo mkopo wetu wa nyumba, hauna benki. Mchoro wenu lazima umruhusu mtu kuanzia uani kwenda mbele, sio mnaweka masharti kwamba ndani ya muda fulani awe amemaliza nyumba ya vyumba vitatu na ukuta wa kuzunguka.

La pili, chunguzeni udongo kabla hamjagawa. Kama kuna bonde la udongo mweusi wa mbuga msiweke makazi pale. Kiangazi unapasuka unaingiza mkono mzima, masika unavimba, nyumba inapata ufa kuanzia kona ya dirisha mpaka kwenye linta. Na kwa kawaida hiyo sehemu mbovu ndo wanapewa wenye hela ndogo, afu msingi wao unakula hela mara mbili ya mwenzao aliye juu kwenye kichanga. Hiyo nafuu iko wapi hapo? Pale wekeni bustani, majaruba, uwanja wa mpira.

mpangaji_sugu

Naona mnaongelea wanaonunua viwanja tu. Sisi tusionunua je?

Mi nimepanga tangu naanza kazi. Hapa mjini unatafutiwa chumba na dalali, dalali anakula kodi ya mwezi mzima, mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, wengine mwaka. Chumba cha 40,000 kwa mwezi sio ghali, ghali ni kutoa 280,000 siku moja wakati mshahara wenyewe unaujua. Na sheria ya kudhibiti kodi za pango ya 1984 ilishafutwa tangu 2005, kwaiyo hakuna wa kumlilia, ni makubaliano yenu wawili na mwenye shida ndo anayekubali.

Kinachopunguza hizo kodi ni vyumba kuwa vingi, sio maneno. Vikiwa vingi mwenye nyumba ndo atakutafuta wewe, na miezi mitatu atapokea. Sasa mkipima mtaa mzima saizi moja ya watu wenye uwezo, mnajenga nyumba zenye ukuta na geti na watu wanne ndani, wapangaji watarudi kubanana kule kule Ng'ambo na Isevya.

Bi_Uani

Wanangu hamjambo. Mimi ni mwenye nyumba, msinirushie mawe.

Nina nyumba ya vyumba sita, ile ya kizamani, mlango mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kushoto vitatu kulia, uani jiko na choo. Alijenga marehemu mume wangu. Nimesomesha watoto kwa nyumba ile. Nimepangisha mwanachuo, mwalimu, fundi cherehani, na bibi mmoja hana mtoto anayemtazama, kodi yake nampokea anapoipata. Nyumba moja hiyo. Sasa mnaposema makazi ya watu mbalimbali mimi nawaambia yapo, yako kwenye nyumba kama yangu, ila mchoraji akizikuta anaandika makazi holela.

Ugumu upo, sisemi haupo. Mita ya LUKU ni moja. Huyu ana friji, huyu ana pasi, yule ana balbu moja tu na simu, halafu mnachanga sawa. Na siku hizi kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, basi anayenunua siku ile makato yanapoangukia kwake anagomba na nyumba nzima kwamba yeye sio mwenye jengo. Nimekata maneno nikawa naifidia mwenyewe kwenye kodi ya chumba. Choo kimoja, asubuhi foleni na ndoo. Ningepata mkopo mdogo wa kuongeza choo na kuweka mita ndogo kila chumba ningekuwa nimekarabati makazi ya kaya sita kwa mpigo. Lakini mikopo inayokuja ni ya kujenga nyumba mpya au ya biashara, ya kuongeza choo cha wapangaji sijaiona.

mnyamwezi_wa_dar

Mwangaluka wazee. Mbona mnazunguka sana, suluhisho ni magorofa. Serikali ilete shirika lijenge ghorofa nne nne, ardhi inaokolewa, watu wanauziwa kwa mkopo nafuu, mji unapendeza. Huku Dar ndo mwendo huo, na sheria ya hati sehemu ipo tangu 2008, mtu anamiliki flati yake na hati yake.

mhasibu_wa_vikoba

@mnyamwezi_wa_dar mkuu tupige hesabu kidogo. Chukua nyumba ya bei ya chini kabisa, tuseme milioni 30. Riba za mikopo ya nyumba kwetu zinacheza kwenye asilimia 15 mpaka 19. Weka 17, miaka 15. Rejesho linakuja kama 460,000 kwa mwezi. Mpaka umalize umelipa zaidi ya milioni 80. Mama wa mboga aanzie wapi? Hata mwalimu anayeanza kazi, akitoa hiyo anakula nini. Na benki inataka hati ya mshahara, sasa Tabora hii wangapi wana hati ya mshahara? Watu wanaishi kwa msimu, tumbaku ikilipwa hela ipo, isipolipwa hakuna.

Halafu ghorofa inataka pampu ya maji, ngazi zifagiliwe, paa likivuja anagharamia nani. Ghorofa moja juu barabarani, chini maduka juu vyumba, hiyo sawa, watu wenyewe watajenga. Ila kuifanya ndo dawa ya mwenye kipato cha chini, hapana.

mnyamwezi_wa_dar

Haya nimekuelewa kwenye riba. Ila msiyafute magorofa kabisa, kuna familia mjini kati zina nyumba za urithi ndugu saba wanagombania kiwanja kimoja, hati sehemu ingewasaidia kuliko kuuza wagawane hela ziishe.

Kipimo_Mstaafu

Nimesoma uzi wote. Nimefanya kazi ya upimaji miaka mingi, sasa nafuga kuku, lakini hili naomba nilieleze kwa urefu kidogo.

Kijana, jambo mnalolijadili Tabora sio geni. Miaka ya 70 serikali na Benki ya Dunia walikuwa na mradi wa viwanja na huduma. Awamu ya kwanza 1974, Dar, Mwanza na Mbeya. Awamu ya pili 1977 ikaingia Tabora, Tanga, Morogoro, Iringa na Dar tena. Wazo lake lilikuwa jepesi: serikali isijenge nyumba, ipime viwanja vidogo, ichonge barabara, ilete maji, halafu mwananchi ajenge mwenyewe kwa mwendo wake. Kwa Dar, Sinza na Kijitonyama ndo zilizaliwa hivyo. Pembeni yake kulikuwa na tawi la pili, kwenda maeneo ambayo watu wameshajenga, kama Manzese, kuyaboreshea huduma. Benki ya Nyumba ilikuwepo wakati huo ya kukopesha, ikaanguka 1995.

Sasa watafiti walikuja kuyafuatilia maeneo hayo kwenye miji saba, Tabora ikiwemo, utafiti ukatoka 2021. Walichokuta ni kwamba kule ambako viwanja vilipimwa kabla ya watu kujenga, miongo kadhaa baadaye mpangilio umebaki, nyumba ni bora na ardhi ina thamani kubwa. Kule ambako huduma zilipelekwa baada ya watu kujenga, tofauti na maeneo holela ya jirani haionekani sana. Mtu akikwambia kidogo kinashusha hadhi, muulize kama Sinza imeshuka hadhi. Hadhi inaletwa na barabara kutoka mwanzo na mipaka kujulikana. Eneo lenu bado liko wazi, hiyo ni bahati ambayo mtaa wa juu hauna tena.

Kuhusu sheria, mtu asikutishe. Sheria ya Mipango Miji ni ya 2007, na kanuni zake zinatambua ujazo tofauti: mkubwa, yaani viwanja vidogo vidogo, wa kati, na mdogo. Kuchanganya ndani ya mchoro mmoja sio kosa. Kinachofanya wachoraji wachore saizi moja ni wepesi wa kazi.

Ila kuna jambo ambalo vijana wanaotaka viwanja vidogo hawalifikirii, nalo ni choo. Mji wetu sehemu kubwa hauna bomba la majitaka. Kila kiwanja kinahitaji tangi la majitaka na shimo la kunyonyea maji ardhini, na gari la kuvuta majitaka lifike. Ukikata kiwanja kidogo mno, nyumba, uani wa vyumba vya kupanga, tangi na shimo havikai pamoja, na kama jirani ana kisima ndo balaa. Kwa hiyo msishuke chini sana. Ninyi pendekezeni kama theluthi mbili ya viwanja viwe vya mita za mraba 300 na kitu mpaka 400, vilivyobaki vya kati, na vikubwa vichache. Vidogo viwe vyembamba vinavyoenda nyuma, sio vipana, maana gharama ya barabara na bomba inafuata upana wa mbele. Na msivipeleke vyote kona moja. Kila mtaa mdogo uwe na vidogo na vya kati, ili mwenye gari na asiye na gari wadai barabara ile ile.

mwana_pembezoni

Shikamoo mzee. Hii shule. Sasa wazee wenye mashamba nitawaambiaje? Maana wao ndo wenye ardhi, wakigoma hakuna mpango. Kuna mmoja ameapa kabisa kwamba shamba lake halikatwi vipande vya kuku.

Kipimo_Mstaafu

Marahaba. Chukua ekari moja uende nayo kwake, umchoree chini kwa kijiti. Ekari ni mita za mraba 4,000 na kidogo. Toa barabara na huduma za jamii, tuseme inabaki 2,800. Kwa viwanja vya 1,000 anapata viwili, cha tatu hakitimii. Kwa viwanja vya 350 anapata vinane. Viwili vikubwa vinasubiri mteja mwenye hela nyingi, ambaye akija anataka punguzo. Vinane wateja wake wako pale pale mtaani, wanalipa kwa awamu, na mzee mwenyewe anabakiza viwili vitatu vya wanawe. Hiyo sio hesabu ya kumdanganya, aifanye mwenyewe.

Na mwafikiane maandishi mapema yeye anabaki na viwanja vingapi baada ya kupima. Kama serikali inatwaa ardhi yake moja kwa moja, hiyo ni njia nyingine, lazima athaminiwe na alipwe, na malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita yanadaiwa riba. Mzee ajue haki zote mbili ndipo achague.

FundiRula

Hapo kwenye hesabu ya kijiti mzee kamaliza. Naongezea tu tofali. Watu wetu wanachoma tofali kwa kuni, na miti ya mkoa huu inapigwa shoka kwa ajili ya mkaa na kukaushia tumbaku, sasa na sisi tunaongeza. Kuna tofali za kufungamana, Wakala wa Utafiti wa Nyumba wamezifundisha sana, udongo wa hapo hapo na saruji kidogo, unashindilia kwenye mashine ya mkono, huchomi, na unapanga bila udongo wa katikati kama tofali imetoka vizuri. Kikundi cha mtaa kikinunua mashine moja wanajengeana kwa zamu. Ila fundi awe amefundishwa, nimeona ukuta umepinda kama mgongo wa ng'ombe kwa sababu mstari wa kwanza haukupigwa pima maji.

Bi_Uani

Mwanangu wa kamati, na mimi niwekee langu. Kwenye hivyo viwanja vya kati mruhusu vyumba vya kupanga viandikwe kwenye mchoro, mtu akiomba kibali cha ujenzi asiambiwe hii ni nyumba ya familia moja. Na soko dogo la jioni liwe karibu na vidogo, sio kule barabara kuu. Mwenye hela ndogo akinunua nyanya kwa bodaboda hiyo nyumba ya nafuu haijamsaidia.

mhasibu_wa_vikoba

Na gharama ya kupima ilipwe kidogo kidogo, kila kaya na daftari lake, risiti zitolewe. Kuna mtaa (sio wa kwenu) watu walichanga, hela ikaingia kwa mkandarasi, bikoni, yaani alama za mipaka, hazikuonekana mpaka watu wakachoka kuuliza. Fungueni akaunti ya mtaa yenye saini zaidi ya moja, na mkandarasi alipwe kadiri kazi inavyokamilika.

mwana_pembezoni

Nimeyanakili yote. Jumamosi naingia na vitu hivi: theluthi mbili vidogo ila sio chini ya mita za mraba 300, vichanganywe, vyumba vya kupanga viandikwe, bonde la mbuga liachwe, watu waruhusiwe kuanzia uani, malipo kwa awamu. Soko la jioni naliongeza kwa mkono wangu kwenye rasimu. Yule mzee wa vipande vya kuku nitamfuata kesho jioni na kijiti.

mpangaji_sugu

Mkuu kikao saa ngapi? Na sisi wapangaji tunaingia au ni wenye viwanja tu? Huku kwetu mwenyekiti alisema wapangaji hawana cha kuchangia.

mwana_pembezoni

Saa nne asubuhi. Huo ni mkutano mkuu wa mtaa, na unahusu kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea, hakuna sehemu imeandikwa mpaka uwe na hati. Waite na wenzako wa hapo nyumbani, mje mapema, viti viko vichache.